Umri wa Nyumba

Mtu akitaka kujua umri wa mzee humwuliza; lakini nyumba haina kinywa. Atakaye kujua umri wake hana budi kukusanya mashahidi na kuwapima mmoja mmoja.

Likizo zangu kadhaa nimezitumia kuzichunguza nyumba za Ndia Kuu, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Ngome iliyo jirani ina tarehe kamili, kwani Wareno walioijenga kati ya 1593 na 1596 waliandika habari zake. Nyumba za raia aghalabu hazikuandikiwa. Basi twaanza na ukuta: mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko ambazo urefu wake uliamua upana wa chumba. Chumba chembamba ni dalili ya ukale. Walakini dalili si tarehe.

Shahidi wa pili ni maandishi. Milango mingine ya pwani imechongwa mwaka wa Hijria. Tuseme umesoma 1300. Ukijumlisha 622 utapata 1922, nawe utakuwa umeipunja nyumba miaka 40. Maana mwaka wa Hijria hufuata mwezi, ni mfupi kwa siku 11 hivi, na ule wa 1300 ulianza Novemba 1882. Tena mlango huweza kuhamishwa kutoka nyumba nyingine.

Shahidi wa tatu ni kumbukumbu. Bibi mmoja, ambaye nduguze walikusudia kuiuza nyumba yao ibomolewe, aliniambia, "Mwanangu, niandikie kuwa yalingana na Ngome kwa umri, wapate kuona haya."

"Bibi," nilimjibu, "uzee wa uongo huangushwa na shahidi mmoja, nao ukianguka huangusha na ule wa kweli."

Niliandika niliyoyaona: tundu la mlango lilikuwa limepanuliwa ili kuupokea, kwa hiyo ukuta ulitangulia. Chini yake niliandika majina ya wazee wake waliozaliwa humo, kama alivyoyataja kwa mpango. Nilipomsomea alinyamaza kitambo, kisha akaagiza nduguze waitwe wasomewe.

Nawe, msomaji, kabla hujaandika mwaka wa nyumba yo yote, andika kwanza ni nani aliyekuambia, naye alijuaje. Na wazee wa mtaa wako uwaulize mapema, kwani ukuta waweza kungoja, wao hawangoji.