Chokaa na Rangi katika Nyumba za Lamu

Mji wa Lamu, uliotiwa mwaka 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Tulipoingia nyumba zake za kale tuliona vyumba virefu na vyembamba, kwani upana hufuata urefu wa boriti za mikoko. Nuru hutoka kiwandani, yaani ua ulio wazi juu, ikififia hata kufika ndani penye zidaka. Weupe wa chokaa huko si pambo tu. Huirudisha nuru hiyo haba.

Basi msomaji mpendwa atakaye kutia rangi asiichague dukani. Chokaa yenye rangi ikiwa mbichi huonekana nzito, ikikauka hupauka sana. Na apake kiraka cha dhiraa moja katika kila chumba, akiache kikauke, kisha akitazame asubuhi, alasiri, na usiku kwa taa. Manjano ya kupendeza kiwandani yaweza kuwa kama tope ndani.

Rangi ya mafuta hatuishauri, hata ikilingana vipi na milango: huzuia unyevu usitoke ukutani, lipu ikabanduka pamoja na nakshi zake.