Unguja kwa Matonge Madogo

Mji Mkongwe wa Unguja umejengwa na watu waliojua kukaa. Tembea kutoka Malindi hadi Shangani, karibu kila kichochoro utakuta baraza za mawe zimeshikamana na kuta za nyumba, wazi kwa mpita njia yeyote. Watalii huzipiga picha, wenyeji huzikalia kwa bao na mazungumzo. Mimi huzihesabu, kwa sababu mtu aliyeondolewa tumbo la chakula hajui ni wakati gani mwili utamwambia: kaa chini, sasa hivi.

Nilifanyiwa upasuaji Uingereza miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya saratani. Tumbo lote lilitolewa, na umio ukaungwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Kulieleza jambo hili kwa Kiswahili kuna taabu yake. Ukisema "nimetolewa tumbo," msikilizaji anakutazama kiunoni, maana kwetu tumbo ni hili linaloonekana, ni lile la ndani, na ni la mama pia, ndiyo tukasema ndugu wa tumbo moja. Shangazi yangu aliposikia habari kwa simu aliniuliza, "Sasa mwanangu, chakula kinakwenda wapi?"

Swali lake ni zuri kuliko mengi niliyoulizwa tangu hapo. Tumbo ni ghala na kinu kwa pamoja. Linapokea sahani nzima ya chakula, linakisaga, linakilowesha kwa tindikali, kisha linakitoa kidogo kidogo kwenda kwenye utumbo. Likiondoka, unachomeza kinafika utumboni mara moja. Basi meno yanachukua kazi ya kinu, na saa inachukua kazi ya ghala: unakula mara sita au zaidi kwa siku, kila mara kiasi cha kiganja, unatafuna mpaka tonge linakuwa kama uji. Maji unakunywa nusu saa kabla au nusu saa baada ya chakula, si pamoja nacho. Samaki, kuku, yai au maharage vinatangulia, wanga unafuata, sukari inakuwa mgeni wa nadra. Upasuaji wenyewe si mpya. Mwaka 1897, mjini Zürich, daktari Carl Schlatter alimtoa mwanamke mmoja tumbo lote, na mama huyo akaishi zaidi ya mwaka mmoja akila chakula.

Nilipotangaza kwamba nakwenda Unguja kwa wiki tano, jamaa zangu wa Leicester waliogopa chakula cha mtaani. Mimi niliogopa sinia.

Hofu yao haikuwa ya bure. Tindikali ya tumbo ndiyo mlinzi wa kwanza dhidi ya vijidudu vinavyoingia na chakula, na mimi mlinzi huyo sinaye. Kipindupindu kimewahi kuzuka visiwani mara kadhaa, na mtu mwenye tindikali kidogo anakipata kwa urahisi zaidi kuliko wengine. Kwa hiyo kabla ya safari nilizungumza na daktari kuhusu chanjo na kuhusu dawa za malaria, kwa kuwa si kila kidonge kinafanya kazi ileile katika mwili ulioungwa upya. Huko mjini sikugusa barafu, wala kachumbari nisiyojua imeoshwa kwa maji gani. Maji yalikuwa ya chupa iliyofunguliwa mbele yangu au yaliyochemshwa. Dawa zote zilikaa kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari, kwa sababu sanduku linaweza kubaki njiani na mwenyewe ukafika. Ndani ya ndege nilikuwa na mayai manne ya kuchemsha na vipande vya kuku. Mhudumu wa ndege anakuletea chakula kwa ratiba ya shirika lake, nami nina ratiba yangu.

Lakini ukishachukua tahadhari hizo, utagundua kwamba mji ule una tabia moja njema sana kwa mtu kama mimi: mtaani hauuzi shibe, unauza kipande. Mshikaki mmoja. Yai moja. Bajia mbili kwenye karatasi. Kipande cha muhogo. Hakuna anayekushangaa ukinunua kidogo, ukaondoka, ukarudi baada ya saa mbili kununua kidogo tena. Uingereza nikiagiza chakula cha mtoto mkahawani hunibidi nijieleze. Unguja mtu mzima anakula kama ndege siku nzima na hakuna anayemuuliza.

Asubuhi nilianzia Darajani, soko ambalo limekuwapo tangu mwaka 1904. Kikombe kidogo cha uji usio na sukari, polepole, kisha baada ya muda nusu boflo na yai. Saa nne, yai jingine kwa muuzaji apitaye na ndoo yake. Nilimenya mwenyewe, nikakataa pilipili na kachumbari, nikaomba chumvi tu. Wauza samaki wa pale wanajua kazi yao, na ukiamka mapema unapata changu wa kuchemsha nyumbani kwa ndimu na chumvi, nyama yake laini isiyompa mtu kazi ya kutafuna. Pweza ni hadithi nyingine. Nyama yake ni ngumu, na kipande kisichotafunwa vizuri kinaweza kukwama pale umio ulipoungwa. Mimi hula pweza aliyechemshwa mpaka akalainika, kipande kimoja, bila haraka. Wa kuchoma nimewaachia wenye tumbo.

Kahawa ya Jaws Corner inanifaa zaidi ya chai ya maziwa ya Waingereza. Kikombe hakina sikio, kahawa ni chungu, na kiasi chake ni funda chache. Siasa za pale hazina madhara kwa utumbo. Kashata inayoambatana nayo ndiyo yenye kesi: sukari tupu, tena peke yake. Kipande cha ukucha baada ya chakula, sawa. Kipande kizima kwenye utumbo mtupu, hapana.

Kwa nini sukari iogopwe hivyo? Kwa sababu ina njia mbili za kukuangusha. Ya kwanza inakuja upesi, dakika kumi hadi thelathini baada ya kula. Chakula kitamu au kingi kinaingia utumboni kwa mkupuo, kinavuta maji kutoka mwilini, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, tumbo linasokota, na mara nyingine unaharisha. Ya pili inavizia. Sukari imeingia damuni kwa kasi, kongosho limetoa insulini kupita kiasi, na saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu inaporomoka. Mikono inatetemeka, macho yanaingia ukungu, mtu anaongea kama mlevi. Ndugu mnaosafiri na mgonjwa wa aina hii, jueni hali hii ya pili. Wakati huo anahitaji kitu kitamu kidogo, kisha kitu chenye protini kama njugu au yai ili sukari isishuke tena. Akizidi kuchanganyikiwa au akipoteza fahamu, msimtilie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali.

Siku nyingine unafuata kila kitu na mwili unakataa tu. Ilinitokea Mkunazini, kama dakika ishirini baada ya mchana wa samaki na wali usiojaa kiganja. Jasho jembamba, miguu ikalegea. Baraza ilikuwa hatua tatu. Nilikaa, kisha nikalala ubavu bila kuomba ruhusa. Mlango ukafunguliwa, bibi mmoja akachungulia, akarudi ndani, akatoka na mto na upepeo. Hakuniuliza ninaumwa nini. Alikaa upande wa pili wa baraza akichambua mchele, na baada ya nusu saa nilipoinuka akasema, "Haya baba, nenda taratibu." Jina lake sikulijua.

Jioni kuna Forodhani, bustani iliyo mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Baada ya Magharibi moshi unapanda na meza zinajaa. Tahadhari yangu hapa ni moja: samaki na kamba wanaopangwa mezani wamekaa kwenye joto kwa muda, hivyo sinunui kilichokwisha kupikwa. Nachagua mshikaki mbichi, nausimamia mpaka uive, naula ukiwa moto. Juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu naiangalia tu. Inaumiza kidogo, sitaficha, kwa sababu nilikulia nayo.

Urojo ulihitaji mashauriano. Ni mchuzi mzito wa unga wenye uchachu, ndani yake mbatata, bajia, yai, mishkaki, chatne ya nazi, na chipsi za muhogo juu. Kioevu na kigumu katika bakuli moja ndicho hasa nilichokatazwa. Nikamwomba muuzaji anipe vya ndani bila mchuzi.

"Mzee wangu," akaniambia, "urojo mkavu si urojo. Hizo ni mbatata na yai."

"Basi nipe mbatata na yai."

Alinipa, lakini alichovya kijiko akanyunyizia mchuzi juu, kiasi cha kulowesha tu, akasema hawezi kuniacha niondoke hivi hivi. Tangu siku hiyo nilikuwa na urojo wangu.

Sinia lilikuwa Michenzani, kwa shangazi, katika yale maghorofa marefu yaliyojengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Mchana wa kwanza alikuwa ameandaa pilau, kuku wa kupaka, mchuzi wa papa na jagi la maji ya ukwaju. Tuliketi sita kuzunguka sinia. Nilikula matonge manne, nikatafuna kila moja mpaka wenzangu wakaacha kuongea. Kisha nikaosha mkono.

Mtu wa kwetu anaelewa maana ya kuosha mkono mapema. Ni kusema chakula kibaya, au moyo hauko hapa, au unaumwa. Shangazi alichagua la tatu. Nilikuwa na kilo 84 aliponiona mara ya mwisho, sasa nina 66. Jioni nilimsikia chumbani akimwambia binti yake kwa sauti ya chini kwamba nimekuja kuaga. Hilo ndilo jambo zito katika safari za namna hii, kuliko kipindupindu na kuliko miwa. Mgonjwa aliyepona anaonekana anakufa, na wanaompenda wanamsukumia chakula ambacho ndicho kitakachomlaza.

Maelezo ya daktari hayakumsaidia shangazi. Kilichomsaidia ni mtoto mchanga wa ghorofa ya chini. Nilimuuliza mtoto yule ananyonya mara ngapi. Akasema kila baada ya saa mbili. Nikamuuliza kama anakufa. Akanitazama kwa muda, akacheka, akanipiga bega. Kesho yake sinia lilikuwepo, na pembeni kulikuwa na kisahani cha kahawa chenye samaki na tonge moja la wali. Saa mbili baadaye kikaja kingine. Majirani wakipita alikuwa akiwaeleza yeye mwenyewe, tena kwa fahari, kwamba mpwa wake anakula mara saba.

Wanaopanga safari iangukie Ramadhani wafikirie hili mapema. Unguja mchana wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa, na kula hadharani hakukubaliki. Mgonjwa ana ruhusa yake, imo katika Suratul Baqara aya ya 184, na asiyetarajiwa kuweza kufunga tena hutoa fidia ya kulisha maskini kwa kila siku. Shauriana na daktari, kisha na shehe. Lakini ruhusa haikupi mahali pa kula saa sita mchana ukiwa katikati ya mji. Panga kurudi nyumbani, au kaa karibu na kwa jamaa. Na futari, yenye tende, uji mtamu na sharbati kwa pamoja, inahitaji uangalifu kuliko mchana wenyewe.

Jambo jingine nawaambia hasa wenye wazee wanaorudi kuishi nyumbani moja kwa moja. Tumbo ndilo linalotengeneza kitu kinachowezesha vitamini B12 kufyonzwa. Asiye na tumbo lote huihitaji maisha yake yote, na kwa wengi wetu ni sindano. Uingereza kwa kawaida kila miezi mitatu. Akiiacha hataona tofauti mwezi ujao, kwa kuwa ini lina akiba ya miaka. Akiba ikiisha damu inapungua, nyayo zinakufa ganzi, kumbukumbu inapotea, na familia inadhani ni uzee. Mzee wenu akipanda ndege kurudi, mjue ni nani atakayemdunga, wapi, na tarehe gani. Madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D navyo vipimwe.

Niliondoka kwa meli ya mwendo kasi kwenda Dar es Salaam, takriban saa mbili, na mkondo wakati mwingine ni mkali. Nilikula saa moja kabla ya kupanda, nikaketi chini katikati ambako meli haiyumbi sana. Mkobani shangazi alikuwa ameweka vifurushi vitano vya karatasi: yai, samaki wa kukaanga, mkate wa ufuta, kuku, yai tena. Juu ya kila kimoja aliandika saa kwa kalamu. Juu ya kile cha saa kumi aliongeza, kwa herufi kubwa: USINYWE MAJI.