Maji ya Moto ya Rustaq



Huenda nawe, kama walivyo wengi siku hizi, umo katika kufikiri safari ya nchi za nje, na katika uliyoyatia moyoni ni kwenda kuoga katika chemchemi za maji ya moto yatokayo ardhini. Kama ni hivyo, haya niyaandikayo ni yako. Na kama huna safari, yasome vivyo hivyo, kwani ndani yake mna habari ya mama na miguu yake, na kila mmoja wetu ana mama au alikuwa naye.

Mama yangu amezaliwa Mombasa, na umri wake umeshapita miaka sabini. Babu yetu mzaa mama alitoka Rustaq, katika nchi ya Oman, akaja kwa jahazi angali kijana, wala hakurudi tena. Alilowaachia watoto wake lilikuwa ni hadithi ya maji. Akiwaambia kwamba kwao kuna jicho la maji yatokayo katika mwamba yakiwa ya moto, na mwenye kuumwa na viungo huenda akaoga akarudi mwepesi. Basi mama, kila magoti yalipomsumbua, alikuwa akisema, "Laiti ningekuwa na ndoo moja ya maji ya Rustaq." Tumekua na maneno hayo mpaka yakawa kama mzaha wa nyumbani.

Mwaka 2018 sisi ndugu watano tuliazimia kuchanga fedha tumpeleke mama akapumzike mahali penye maji ya namna hiyo. Mimi ndiye mkubwa, nikapewa kazi ya kuchagua. Na hapa nakiri mbele yako, ndugu msomaji, kwamba nilichagua kama achaguavyo mtu kitambaa dukani, kwa rangi. Mpwa wangu mmoja aliyekuwa akisoma Ulaya alinipelekea picha katika simu. Moja ilikuwa ya Iceland, ziwa la maji ya buluu mfano wa maziwa, na moshi wa mvuke juu yake. Nikavutiwa sana. Baadaye ndipo nikajua kuwa ziwa lile halikuwapo tangu asili. Ni maji yaliyomwagwa na mtambo wa umeme wa Svartsengi, uliojengwa katika miaka ya 1970, ambao huyavuta kutoka chini ya ardhi, ukishachukua joto lake huyaacha yatuame katika mawe. Nilicheka peke yangu. Kumbe nilikuwa nimependa maji ya mtambo!

Picha nyingine ilikuwa ya Pamukkale, kule Uturuki, mlima mweupe kama pamba kwa chokaa iachwayo na maji. Nyingine ilikuwa ya Beppu, katika Japani. Nikazipanga zote mbele ya mama, nikimweleza uzuri wa kila moja. Yeye akazitazama kwa adabu, kisha akauliza neno moja tu: "Na watu huoga vipi huko, mwanangu?"

Sikuwa na jawabu. Ikanibidi nitafute, na nilichokipata chafaa ukijue kabla hujakata tikiti. Katika hamamu za Japani watu huingia majini bila ya nguo hata moja, ingawa aghlabu wanaume huwa mbali na wanawake mbali. Iceland watu huvaa nguo za kuogelea, lakini kabla ya kuingia birikani sharti mtu ajioshe kwa sabuni bila ya nguo, na mara nyingi ni katika chumba cha pamoja. Usiwacheke. Wao wana hoja yao, kwa kuwa hutia dawa chache katika maji yao kuliko wengine, hivyo wanataka kila aingiaye awe safi. Ni watu wenye kuheshimu maji. Lakini sisi tuna mipaka yetu ya sitara, hata mwanamke mbele ya mwanamke mwenziwe, na mama yangu hakuwa mtu wa kuivuka mipaka hiyo katika uzee wake kwa ajili ya magoti.

Mwisho nikarudi pale ambapo ningeanzia, Oman.

Katika Oman chemchemi za moto ni kadha wa kadha, lakini mbili ndizo zitajwazo sana na wageni. Ya kwanza ni Ain al-Thowarah katika mji wa Nakhal, kiasi cha kilomita 120 kutoka Maskati, chini ya ngome iliyopanda juu ya jabali. Ya pili ni Ain al-Kasfah, Rustaq yenyewe, mbele zaidi kwa njia hiyo hiyo. Joto lake ni nyuzi 45 hivi, maji yake yana kiberiti, na watu huyaendea kwa maradhi ya viungo na ya ngozi. Wanawake wana mahali pao pa kuogea na wanaume pao. Swali la mama likapata jawabu.

Labda utauliza, je, chini ya miji ile mna moto kama ule wa Bogoria kwetu Kenya, ambako maji huchemka hata mtu akatia yai likaiva? La. Kule Bogoria joto latokana na volkano. Rustaq na Nakhal ziko chini ya milima ya Jabal Akhdhar, ambayo kilele chake kirefu chafika mita 3,000 hivi. Mvua inyeshayo juu huzama katika nyufa za mawe ya chokaa ikashuka mbali sana. Na ardhi, kila ushukapo kilomita moja, huongezeka joto kwa nyuzi 25 au 30 kwa kawaida. Maji yale yakishapata joto hupanda tena kwa ufa mpaka yatokeze chini ya mlima. Tone moja laweza kukaa gizani miaka mingi kabla ya kuliona jua. Subhanallah.

Sasa sikiliza. Kati ya hizo mbili niliichagua Rustaq, na sababu niliyowaambia watu ni babu. Sababu ya pili niliificha. Mimi ni mtu wa Mombasa, na Imamu Seif bin Sultan, ambaye jeshi lake liliizingira Ngome ya Yesu tangu mwaka 1696 mpaka likaiteka Desemba 1698, amezikwa Rustaq. Nilikwisha kujigamba barazani kwamba nitasimama mji ule, na nitawarudishia habari. Mtu akishatangaza safari yake barazani, safari huwa si yake tena.

Tulishuka Maskati Januari 2019, wakati wa baridi yao. Tukafikia kwa khalati, ndugu yake mama, aliyehamia huko kutoka Unguja katika miaka ya 1970, pale Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi. Walikuwa hawajaonana miaka mingi. Sitakueleza kilio chao.

Usiku ule khalati alikaa chini kumtia mama hina miguuni, kama walivyokuwa wakitiana walipokuwa wasichana. Mara akaniita. Katika unyayo wa mama palikuwa na kibanio cha nywele kimezama katika nyama. Kilikuwa ndani ya kiatu tangu Mombasa, naye amekikanyaga siku nzima, asijue.

"Mama yako ana sukari tangu lini?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Miaka kumi na minne, khalati."

"Na miguu hii yahisi?"

Sikuwa na jawabu, kwa mara ya pili. Miaka kumi na minne nampeleka mama kwa tabibu, najua vidonge vyake kwa rangi, wala sikuwahi kumuuliza habari ya nyayo. Khalati akaniambia kuwa marehemu mumewe naye alikuwa na sukari. Siku moja alitia miguu yake katika beseni ya maji ya moto ili apunguze uvimbe, nayo haikumwambia kitu. Alipoitoa ngozi ilikuwa imebabuka. Kidonda hakikupona, na mguu ukakatwa.

Asubuhi yake binti khalati, ambaye ni muuguzi, alimfumba mama macho, akawa akimgusa nyayo kwa uzi mwembamba wa nailoni na kumuuliza, "Wahisi, khalati?" Mama akajibu, "Nahisi." Akajibu nahisi hata pale ambapo uzi haukumgusa. Binti khalati akanitazama, kisha akanieleza nje. Mtu wa namna hii asitie mguu katika maji yaliyozidi nyuzi 37, na asiyapime kwa mguu wake bali kwa kipimajoto, au kwa kiwiko cha mtu mwingine. Tena mama anatumia dawa ya presha, na maji ya moto huipanua mishipa, damu ikashuka, hata mtu akainuka kwa kizunguzungu akaanguka. Maji ya Rustaq ni nyuzi 45. Wewe na mimi tunaingia, tunaguna, tunatoka. Yeye angekaa humo akifurahi.

Ningemwambia mama haya kama nilivyoambiwa. Sikumwambia. Nilimuonea huruma, nikamwambia kwamba Ain al-Kasfah imefungwa kwa matengenezo, na kwamba tutakwenda Nakhal.

Akanyamaza kidogo. "Imefungwa na nani," akasema, "maji aliyoyafungua Mungu?" Kisha akavaa buibui lake.

Nakhal ni pazuri, na nakupa shauri uende. Maji yatoka chini ya mwamba yakiwa ya moto, yakapita katika mkondo wa mawe baina ya mitende, na kila yaendapo mbele ndivyo yapoavyo. Watu hukaa ukingoni na wake zao na watoto wao, wamevaa nguo zao, miguu majini. Hakuna wa kumtazama mwenziwe. Ukienda usitie sabuni. Maji yakishapita kwako huingia katika mfereji yakanyweshe mashamba ya watu, na kule Oman maji ya falaji hugawanywa kwa saa, kila mtu na zamu yake. Falaji tano za nchi ile zimetiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na mojawapo, al-Muyassar, iko Rustaq.

Tulishuka mbali na jicho la maji, binti khalati akapima, akaridhika, mama akakaa. Alikuwa ametulia. Karibu naye palikuwa na bibi mmoja aliyesikia Kiswahili chetu akafurahi, kwani naye alizaliwa Pemba. Wakazungumza. Bibi yule akasema maji haya ni mazuri lakini ya Kasfah ni makali zaidi, yeye jana tu alikuwa huko, amejaa na wanawake tele.

Mama hakusema kitu. Alinigeukia, akanitazama, kisha akayatazama maji. Ndugu msomaji, nimewahi kupigwa na mama utotoni, na mapigo yale yote hayakufika alipofika mtazamo ule.

Garini ndipo akasema. "Mwanangu, miguu ni yangu na sukari ni yangu. Ungeniambia, ningejua la kufanya. Mimi si mtoto wa kufichiwa." Nikamwomba radhi. Nikamweleza yote, uzi wa nailoni na mguu wa mume wa khalati. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema kwamba ana mwaka wa tatu hazihisi nyayo zake, na yeye hakutuambia sisi kwa kutuonea huruma. Basi tukawa sawa kwa huruma zetu, na zote mbili zilikuwa karibu kumkata mguu.

"Hata hivyo," akasema, "nataka kuyaona."

Tukaenda siku ya pili. Sikuuliza kaburi la Imamu, na barazani mpaka leo wanangoja habari. Khalati na bintiye waliingia upande wa wanawake wakaoga. Mama alikaa nje chini ya mtende, na mimi nikateka maji mferejini kwa ndoo ya plastiki ya khalati, ndoo moja, nikaiweka kivulini mbele yake. Mvuke ulikuwa ukipanda, na harufu ya kiberiti. Mama alishika tasbihi yake. Kila baada ya muda nikitia kiwiko, nikitikisa kichwa, naye akiendelea. Watu walipita wakitutazama, mzee na mwanawe wanaongoja ndoo ipoe mahali ambapo kila mtu amekuja kutafuta joto. Nusu saa ikapita, au zaidi. Binti khalati akatoka, akatia kipimajoto chake, akasema sasa.

Nikamvua mama viatu, nikavikung'uta, nikapitisha mkono ndani yake. Kisha nikainua mguu wa kwanza.

"Ni ya moto?" mama akaniuliza.

"Ni vuguvugu, mama."

"Kweli?"

"Kweli, mama."

Akautia.