Barua kutoka Kongwa

Dada yangu mpendwa,

Nimekuja Kongwa na wanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili kwa mafunzo ya vitendo ya afya ya jamii, na kwa kuwa wewe ndiye uliyenishika mkono katika ukufunzi, habari hizi nakuandikia wewe kwanza.

Tulitoka Dodoma alfajiri kwa barabara ya Morogoro, tukakata kulia pale Mbande. Kiangazi kimekolea, mibuyu haina hata jani. Ndiyo ardhi ile ile Waingereza waliyoivamia kwa kilimo cha karanga mwaka 1947, ukame ukawashinda. Maji ni ya shida, na penye shida ya maji vikope havikai mbali.

Darasani vijana wangu wanavieleza vikope vizuri: bakteria wa klamidia, nzi, vidole, khanga moja inayofuta nyuso za watoto wote. Mtoto akiambukizwa tena na tena hupata makovu ndani ya kigubiko cha jicho. Ukubwani kope hugeukia ndani, zikakwaruza jicho hadi likapofuka. Wanawake huathirika zaidi, maana wao ndio wanaoshinda na watoto. Yote hayo wanayajua.

Basi kijijini binti mmoja wao akawaambia kina mama wawaoshe watoto nyuso kila siku. Mama mmoja akamjibu kwa upole: "Mwanangu, maji haya ni ya kupikia." Ulimi uliniwasha, lakini nilimwachia mwenyewe. Akafikiri kidogo, akaomba kikombe kimoja tu cha maji. Akamwita mtoto wa mama yule yule, akajimiminia tone kiganjani, akamsafisha macho, pua, mashavu. Akaja wa pili, wa tatu, wa nne, na kikombe bado kina maji! Kina mama wakaanza kusogea. Yule aliyejibu akakipokea kikombe, akaendelea na wengine.

Dada, nilifurahi mno. Ndiyo maana sikubali wanafunzi waletwe vijijini wakaachiwa mganga wa zahanati peke yake. Mkufunzi asiyewaona wakiulizwa na kina mama atajuaje amewafundisha nini?

Mchana tulikaribishwa ugali wa mtama kwa mlenda, kisha vijana wakatengeneza vibuyu chirizi kwa madumu ya zamani. Jirani kulikuwa na bibi anayeng'oa kope zake kwa kibanio kwa sababu zinamchoma. Alikuwa akiogopa upasuaji, akidhani jicho litatolewa. Mwanafunzi mmoja wa kiume alikaa naye mkekani muda mrefu, akamweleza kwamba ni kope tu inayonyooshwa, kwa ganzi, na siku hiyo hiyo anarudi nyumbani. Bibi akauliza kama kijana huyo atakuwepo. Atakuwepo, kesho tunampeleka.

Nitumie ile michoro yako ya jicho, tafadhali. Kina mama wa huku wanauliza maswali mazito kuliko ya mtihani, na Alhamisi tunarudi kwao.

Mdogo wako