Nyama ya Ijumaa na rafiki aliyebaki peke yake



Kila Kwaresima mnatuuliza: kipande cha nyama siku ya Ijumaa kina uzito gani mbele ya Mungu? Tuanze kwa kuungama kosa letu wenyewe.

Tulipokuwa tukisomea ualimu hapa Lubumbashi, Ijumaa moja ya Kwaresima wenzetu walichanga fedha, wakanunua michopo. Harufu ya mbuzi achomwaye kando ya barabara mnaijua. Nyumbani kwetu nyama ilikuwa adimu, tena tuliogopa kuchekwa. Tukala. Mwenzetu mmoja alikataa, akabaki na bukari yake na sombe. Tulimtania hata akanyamaza. Jioni ile hakuonekana kwenye Njia ya Msalaba, wala Ijumaa iliyofuata.

Sheria ya Kanisa tuliijua vema: aliyetimiza miaka 14 hujinyima nyama siku hizo. Mwenzetu aliishika sheria hiyo kwa imani, lakini alikosa hata mmoja wa kuketi naye.

Danieli alipokataa chakula cha mfalme wa Babeli, hakuwa peke yake. Hanania, Mishaeli na Azaria walikula mboga na kunywa maji pamoja naye siku 10. Naye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto juu ya nyama zilizotolewa kwa sanamu, alikiri kwamba chakula chenyewe hakitusogezi karibu na Mungu. Hata hivyo alikuwa tayari kuacha nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu yake. Sisi tulimkwaza ndugu yetu kwa kicheko.

Hatuwaambii mchague marafiki kwa kuchungulia sahani zao. Mwenzenu Mwislamu au Msabato akikataa nyama ya nguruwe, mheshimuni: anawaonyesha kwamba mtu aweza kusema hapana na kubaki rafiki. Na yule alaye nyama siku ya Ijumaa msimhukumu. Huenda naye, kama sisi zamani, anaogopa kutengwa.

Ijumaa ijayo, mkimwona mwenzenu yuko peke yake na sombe yake, vuteni kiti, mle naye. Sisi hatukufanya hivyo. Hadi leo, tuonapo moshi wa michopo siku ya Ijumaa, humkumbuka yeye kabla ya kuikumbuka nyama.