Macho Manane Ukutani Mbagala

Ndugu msomaji, ukija Dar es Salaam usiishie kutazama maghorofa na bahari. Panda basi la Mbagala, wilaya ya Temeke, ushuke Rangi Tatu, kisha uingie vichochoroni. Nyumba zimebanana, lakini hapa na pale umebaki ua wa michongoma na mpapai mmoja mmoja. Humo mna viumbe wengi ambao wenyeji huwapita kila siku wasiwaone.

Nilikwenda kumjulia hali dada yangu. Mwaka 2019, homa ya dengi ilipoenea mjini, aliugua sana. Tangu hapo kila mdudu kwake ni adui. Fagio na dawa ya kupuliza havimtoki mikononi. Lakini mwanawe hubana kioo kidogo cha kukuza juu ya jicho la simu yake, akawapiga picha wadudu. Asubuhi na mapema aliniita: "Shikamoo mjomba. Njoo uone, ila usimtie kivuli."

Kazi hiyo yataka subira. Simu husogezwa karibu sana, na kioo huonyesha vizuri sehemu nyembamba tu. Mkono ukitikisika kidogo, picha imeharibika. Kijana alizuia pumzi, akapiga mara nyingi, akanionyesha moja. Kumbe yule buibui mdogo wa ukutani, asiyezidi punje ya mahindi, ana macho manane! Manne yako mbele, na mawili ya katikati ni makubwa kama taa za gari. Hategi utando. Humnyemelea windo kama paka, hubandika uzi wake ukutani asije akaanguka, kisha huruka. Katika picha ya pili alikuwa na mbu mdomoni.

Nikamweleza dada kwamba kando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, yuko ndugu yake buibui huyo, aliyepewa jina la kitaalamu mwaka 2003, Evarcha culicivora. Huyo hupenda hasa mbu aliyekwisha kunywa damu.

Dada aliitazama picha kitambo. Kisha akafagia ukuta wote, pembe ile akaiacha.

Basi msomaji, buibui peke yake hazuii dengi. Mwaga maji yaliyotuama katika makopo na matairi, na ukumbuke kwamba mbu wa dengi huuma mchana. Lakini kabla hujamshushia buibui kandambili, waite watoto, iname nao, mtazame kwanza ni nani mnayetaka kumwua.