Pumzi fupi ya mimba changa

Mama wenzangu, mimba yangu ya kwanza ilikuwa haijafikisha hata miezi mitatu. Tumbo lilikuwa bado halionekani. Lakini nikipanda kilima kutoka sokoni Kadutu na kitunga cha mihogo mgongoni, nilisimama mara tatu kutafuta hewa. Hata nikikaa nikichambua maharagwe, nilijikuta navuta pumzi ndefu. Mama mkwe akasema ni ugonjwa wa moyo. Jirani akanong'ona mambo ya uchawi. Niliogopa, nikanyamaza.

Siku ya kupima mimba nilimweleza mkunga. Alisikiliza mapafu na moyo, akafunua kope zangu, akatazama viganja, akanipima joto na presha. Kisha akacheka: "Mama, ni mimba inayokupumulisha."

Akanieleza kwamba mwanamke akipata mimba, homoni iitwayo projesteroni inapanda sana. Inafika hadi sehemu ya chini ya ubongo, karibu na shingo, pale panapoamuru pumzi. Sehemu hiyo hupima hewa chafu iliyo ndani ya damu, na projesteroni huifanya iwe kali zaidi: hewa chafu kidogo tu, inaamuru uvute pumzi. Hatupumui haraka sana kuliko zamani, bali kwa kina zaidi. Hewa tunayopumua kila dakika inaongezeka kwa asilimia 30 hadi 50. Kwa hiyo damu ya mama inabaki na hewa chafu kidogo, na ile ya mtoto inapata njia ya kupita kwa mama na kutoka. (Hata bila mimba, homoni hiyo hupanda kidogo kabla ya kila hedhi.)

Nilirudi nyumbani nimetulia. Nikazaa vizuri, na pumzi ikarudi kama kawaida.

Mimba ya tatu ndiyo ilinidanganya. Nilikuwa na miezi saba, pumzi ikawa fupi, nami nikajifanya mwalimu: "Ni projesteroni hiyo." Wiki nzima nilisema hivyo. Moyo ulikuwa unapiga mbio, sikuweza kumaliza sentensi moja bila kupumzika. Mdogo wangu aliyetoka Uvira ndiye aliyenishika mkono akasema, "Yaya, viganja vyako ni vyeupe kama unga." Ilikuwa malaria, na damu ilikuwa imepungua vibaya. Niliongezewa damu usiku uleule.

Mkunga yule yule akaniuliza kwa nini nilichelewa. Nikamjibu kwamba ni yeye aliyenifundisha kuwa ni homoni.

"Nilikupima kwanza," akasema, "ndipo nikakuambia."

Akanitajia yasiyongoja siku ya kupima: pumzi kukatika ghafla au ukiwa umepumzika, kushindwa kulala chali kwa kukosa hewa, maumivu ya kifua, kukohoa damu, homa, weupe wa viganja, kuvimba uso au mguu mmoja. Nimeyaandika kwenye karatasi, na mama mkwe ameibandika karibu na mlango wa jikoni.